Mpya, Mpya Kabisa, Mpya Kweli

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na vyumba vitatu, na vyote vitatu vilikuwa na michoro. Kulikuwa na michoro mvunguni mwa kitanda. Kulikuwa na michoro nyuma ya kabati, imeviringishwa na kufungwa kwa vipande vya kitambaa. Mchoro mmoja ulikuwa chini ya godoro la mama mkwe, kwa sababu mama mkwe alisema unazuia vumbi. Watu wa nyumba hiyo walijifunza kutembea kwa kuruka, kama wanaovuka madimbwi.

Mwenye michoro hiyo alikuwa mke wa fundi. Mumewe alimwita Rula, kwa sababu hata orodha ya vitu vya sokoni aliipigia mistari kwa rula. Jina likanasa, na mtaa mzima ukalitumia. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyenyoosha kila mstari alishindwa kunyoosha chumba chake.

Rula alifanya kazi katika ofisi ya wasanifu majengo. Msanifu majengo ndiye anayebuni jengo na kulichora kabla halijajengwa. Kwa miaka saba Rula alikuwa amechora madarasa, maduka na zahanati. Alichora vizuri, na kila mtu ofisini alilijua hilo. Lakini hakuwa na leseni.

Kila mchoro una kisanduku kidogo kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Humo huandikwa jina la jengo, namba ya karatasi, tarehe, na jina la msanifu. Asiye na leseni haruhusiwi kuweka jina lake hapo. Kwa hiyo Rula alichora, na jina likawa la mkubwa wake wa kazi.

Mama mkwe ndiye aliyeigusa habari hiyo. Alikuwa amejiunga na darasa la watu wazima, na herufi zilikuwa zimemkolea. Alisoma mfuko wa sukari. Alisoma boksi la sabuni. Alisoma maandishi ya dhahabu kwenye cherehani ya mwanawe, akasema yamekosa nukta. Siku moja akainama juu ya mchoro, akasoma kile kisanduku cha kona.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mkubwa wangu wa kazi, mama."

"Ndiye aliyechora?"

"Hapana. Nimechora mimi."

Mama mkwe akavua miwani, akamtazama. "Sasa mbona nasoma mtu mwingine?"

Rula akauviringisha mchoro. Swali lile lilimkaa moyoni siku nyingi.

Leseni ilitolewa na bodi, kwa mtihani. Mtahiniwa alipeleka seti nzima ya michoro ya jengo moja. Watahini walikaa mezani, wakauliza, naye akawaonyesha jibu kwenye karatasi, papo hapo. Rula alikuwa amekwisha kufanya mtihani huo mara mbili na kuanguka mara mbili. Bodi iliruhusu mara tatu tu. Anayeanguka mara ya tatu alirudi kusoma mafunzo yote upya, miaka minne. Rula alikuwa na miaka thelathini na sita. Alijua kwamba akianguka safari hii, hatarudi tena.

Na hakuanguka kwa kutojua. Mara ya pili, mtahini mmoja mwenye ndevu nyeupe alimwomba aonyeshe ngazi za zahanati aliyoipeleka. Rula alipekua karatasi, akakunjua na kuviringisha, mpaka jasho likamtoka. Mwisho akatoa karatasi mbili. Moja ilionyesha ngazi kwa juu, na zilikuwa vidato kumi na sita. Nyingine ilionyesha mkato, yaani jengo lilivyo ndani kama limekatwa kwa kisu. Hapo vidato vilikuwa kumi na vinane. Mtahini alihesabu kwa ncha ya kalamu. Kisha akauliza kwa upole, "Hivi viwili vilivyozidi vinampeleka mgonjwa wapi?"

Sasa zilibaki wiki sita.

Siku moja Rula alikuwa kazini, na fundi akaishiwa na karatasi ya kukatia vipimo. Alikuwa na suruali ya jirani yao ya kushona. Akatazama sakafuni, akaona karatasi tatu zinazofanana kama mapacha. Zote zilikuwa za ngazi. Moja iliandikwa kwa kalamu nyekundu MPYA. Ya pili iliandikwa MPYA KABISA. Ya tatu iliandikwa MPYA KWELI.

Fundi alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kukata. Akajiambia kwamba MPYA KWELI lazima ndiyo yenyewe. MPYA KABISA inaifuatia. Basi hii iliyoandikwa MPYA peke yake ni ya zamani kuliko zote, na haina mwenyewe. Akaitandaza mezani, akapima kiuno, akapima mguu, akakata.

Jioni jirani alikuja kujaribu suruali. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, mtu mnene mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, na watu walimwita Bwana Zege. Alikikuta kile kipande cha karatasi mezani, akakiinua kwenye mwanga.

"Fundi," alisema, "suruali yangu ina ngazi."

Wakati huohuo Rula akaingia na mkoba wake begani. Akaona mguu wa kulia wa suruali. Akaona mguu wa kushoto. Akakaa kwenye stuli bila kuvua mkoba.

"Umekata ile ya MPYA," alisema.

"Si ndiyo ya zamani?"

"Ndiyo mpya kuliko zote! Nilichoka kuongeza maneno, nikarudi mwanzo."

Masahihisho ya wiki mbili yalikuwa kwenye karatasi ile, kwa penseli, na hayakuwa mahali pengine popote. Macho ya Rula yakaanza kujaa machozi.

"Kosa moja haliachi mke," fundi alinong'ona.

"Na mume je?" akauliza Rula.

Mama mkwe alicheka wa kwanza, kule ndani alikokuwa amejifanya hasikii. Bwana Zege akafuata, na tumbo lake likatikisika. Mwishowe Rula naye akacheka, huku anapangusa macho, kwa sababu kisa chenyewe hakikuwa na dawa nyingine.

Fundi alileta pini. Wakakaa wanne kuzunguka meza, wakaunganisha kiuno na miguu mpaka ngazi zikarudi kuwa ngazi. Bwana Zege akahesabu vidato, kumi na sita. Kisha akauliza swali ambalo lilimfanya Rula ainamishe kichwa. Je, kama Rula mwenyewe asingekuwepo, mtu mwingine angejuaje ipi ni ya kufuata?

"Hangejua," alisema Rula. "Wakati mwingine hata mimi sijui."

"Shemeji, mpya si namba. Kila kitu kilikuwa kipya siku yake. Hata mimi nilikuwa mpya." Bwana Zege akaketi vizuri. "Sikia. Kwenye saiti, zege likishachanganywa halingoji mtu. Nikisimama natafuta karatasi, linaganda kwenye toroli. Na nikishika karatasi ya zamani, nimejenga ukuta wa kuvunjwa kesho. Kwa hiyo sisi tunapanga michoro kabla ya kushika koleo. Jumamosi asubuhi nitakuja. Toa kila kitu nje."

Jumamosi ilikuja na jua zuri. Rula aliingia mvunguni kwa magoti, kisha kwa tumbo, mpaka zikabaki nyayo tu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama mkwe alimwambia zile nyayo. "Wahenga hawakusema alale kabisa."

Walitandaza michoro yote uani. Fundi alileta pasi mbili, mkasi mkubwa na mawe matatu ili upepo usiibebe. Mama mkwe alitoa hata ule wa chini ya godoro, kwa masharti kwamba apewe mwingine. Walihesabu. Karatasi zilikuwa sabini na nne.

Bwana Zege alimwambia Rula asianze kutazama michoro yenyewe. Atazame kona tu. Ni karatasi gani? Ni ya tarehe gani? Zinazofanana zikae pamoja, kisha ichaguliwe yenye tarehe ya karibuni. Hiyo ndiyo iliyo hai. Nyingine zimepitwa na wakati. Hazitupwi, maana mtu anaweza kuulizwa kwa nini alibadilisha kitu. Lakini zinapigwa mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona, zinaandikwa IMEPITWA, na zinakaa mbali na zilizo hai.

"Na neno mpya?" aliuliza Rula.

"Lizike. Andika toleo la kwanza, toleo la pili, toleo la tatu, na tarehe yake. Namba haichoki kama maneno."

Walifanya kazi mpaka saa sita. Zilizo hai zilikuwa thelathini na moja.

"Kwa hiyo nimekuwa nikilala na maiti arobaini na tatu," alisema Rula.

"Nami pia nilikuwemo," alilalamika fundi.

Baada ya chai ilikuja kazi ya kupanga. Bwana Zege alieleza kwamba seti nzuri inakwenda kama mgeni anavyokwenda. Kwanza anaona kiwanja. Kisha anaingia ndani, chumba kwa chumba, ghorofa ya chini halafu ya juu. Kisha anatoka na kulitazama jengo kwa nje. Ndipo hufuata mikato, halafu vitu vidogo vilivyochorwa kwa ukubwa, kama ngazi na madirisha. Mwisho huja majedwali, ya milango na ya madirisha. Kazi ya kila fundi inapewa herufi yake. Usanifu ni U. Nguzo, msingi na nondo ni N. Maji ni M. Umeme ni U.

"Haiwezekani," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama na sufuria mkononi.

"Usanifu umeanza na U," alisema. "Umeme nao umeanza na U. Mtu akisema U moja, utamletea ipi? Mwalimu wetu anasema herufi mbili zinazofanana ndizo zinazomwangusha msomaji."

Bwana Zege akapangusa vumbi kwenye nyusi. Kwa miaka ishirini alikuwa amepanga michoro ya watu wengine, yenye herufi za watu wengine. Hakuwahi kuziweka zake.

"Basi umeme tuuite nini, mama?" aliuliza Rula.

"Umeme unaleta nini? Taa. Weka T."

Ikawa T. Mama mkwe alirudi jikoni, na mwendo wake ulikuwa umebadilika.

Rula aliandika namba kwenye kila kona, U-01, U-02, na kuendelea. Kisha akatengeneza karatasi moja zaidi, yenye orodha ya zote, na toleo la kila moja. Ilikuwa ya thelathini na mbili kuzaliwa, lakini ikakaa ya kwanza.

Fundi alitaka kulipa deni la mkasi wake. Akasema atashona seti yote upande wa kushoto, iwe kitabu. Bwana Zege akakataa. Ukishona, toleo jipya utalitia wapi? Utafumua? Fundi akajikuna kichwa, akaingia ndani, akarudi na kopo la vifungo. Alibandika utepe wa turubai kwenye ukingo wa kila karatasi, akaupiga matundu. Akaweka vifungo vitatu vikubwa vya koti, kila kimoja kwenye kamba iliyopita matunduni. Sasa seti ilifunguka na kufungika kama koti, na karatasi moja iliweza kutoka bila kusumbua wenzake. Kwenye kila fungu akaning'iniza kipande cha kitambaa, cheupe kwa U, cheusi kwa N, cha buluu kwa M, cha njano kwa T. Bwana Zege alikifungua na kukifunga kifungo mara tano. Alisema maisha yake yote kwenye saiti amekosa kitu hiki.

"Sasa hakikisha hazigombani," aliongeza. "Shika mlango mmoja, uufuate kila unakotajwa. Kisha shika mwingine."

Rula aliifuata yote, jioni baada ya jioni. Mlango wa saba ulikuwa wa chumba cha kujifungulia. Kwenye ramani ya sakafu upana wake ulikuwa sentimita mia na ishirini. Kwenye jedwali la milango ulikuwa sentimita tisini.

"Kitanda cha mzazi kingekwama mlangoni," Rula alimwambia mumewe. "Na ningeitetea hiyo tisini mbele ya watahini."

Akasahihisha jedwali. Akaandika toleo la tatu na tarehe, akabadilisha kwenye orodha, akafungua vifungo, akatoa ya zamani, akatia mpya. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko alivyokuwa akitumia zamani kutafuta kalamu.

Kisha wakaanza mazoezi. Mtahini alikuwa mama mkwe. Alikaa kwenye kiti kirefu, akashika ile orodha ya kwanza, akasoma kwa kidole na kuuliza. Saa haikuhitajika. Fundi alishona pindo la suruali, na Rula alitakiwa kupata jibu kabla pindo halijaisha.

"Choo kiko wapi?" lilikuwa swali la kwanza la mama mkwe, na la pili, na la tatu, kwa sababu alipenda kujua. Baadaye maswali yake yakapanda ngazi. Dirisha la chumba cha dawa liko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Maji machafu yanatokea wapi? Taa ya korido inawashwa na swichi ipi?

Siku ya kwanza jibu moja lilichukua mapindo manne. Wiki ya pili, mawili. Wiki ya nne fundi alikuwa hajafika nusu, na Rula ameshaweka kidole.

"Unaniharibia biashara," fundi alisema. "Nilikuwa namaliza suruali nzima."

Siku ya mtihani Rula aliiweka seti yake mezani. Watahini walikuwa watatu, na wa katikati alikuwa yuleyule mwenye ndevu nyeupe. Alivitazama vifungo vya koti.

"Ngazi," alisema.

Rula alishika kitambaa cheupe. U-05, ngazi kwa juu. U-10, mkato. U-12, ngazi kwa ukubwa. Mzee akahesabu kwa ncha ya kalamu, karatasi kwa karatasi. Kumi na sita. Kumi na sita. Kumi na sita. Akarudia ya katikati, labda kwa mazoea.

Wakauliza milango, wakauliza mabomba. Mmoja akauliza nguzo za tangi la maji zimebeba uzito gani. Rula hakujua kwa kichwa. Zamani angepekua karatasi zote. Sasa alisema wazi, "Sijakariri, lakini N-05 inajua," akaifungua, na jibu lilikuwapo.

"Kwa nini umeme una herufi T?" aliuliza yule mzee.

"Usanifu ulikuwa umeshachukua U, mzee. Mama mkwe wangu akasema umeme ni taa."

Watahini wakatazamana. Wawili wakacheka. Mzee hakucheka, ila alifunga seti kwa vifungo vyake, polepole, kimoja kimoja.

"Swali langu la mwisho. Hii ndiyo michoro ya mwisho?"

Rula akakumbuka ile kalamu nyekundu, na suruali yenye ngazi.

"Hapana, mzee. Ni ya tarehe ya jana. Mchoro wa mwisho utajulikana jengo likikamilika. Lakini ukiniuliza kesho, nitajua ipi ya kukupa."

Barua ilifika baada ya mwezi mmoja. Mama mkwe aliipokea mlangoni, na hakukubali kuitoa. Alisema ataisoma yeye. Fundi alisimamisha cherehani. Bwana Zege, aliyekuwa amepita kuchukua shati, alishika mwimo wa mlango. Rula alimsihi mama mkwe aruke mpaka chini.

"Karatasi husomwa kuanzia juu," alisema mama mkwe. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Akasoma anwani. Akasoma tarehe. Akasoma namba ya kumbukumbu, tarakimu moja moja. Akasoma salamu, akazirudia. Bwana Zege alianza kuhema kama anabeba mfuko wa saruji.

"Tu-na-fu-ra-hi," alisoma mama mkwe, "ku-ku-ju-li-sha kwa-mba u-me-fa-u-lu." Akatua. "Umefaulu," akasema tena, kwa mfululizo, na kidole chake kikabaki palepale.

Rula alimkumbatia, barua ikakunjamana katikati yao. Fundi alipiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi, na majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Siku hizi nyumba ya fundi ina njia. Mtu hutembea kutoka mlangoni mpaka dirishani bila kuruka. Vipimo vya suruali vinaning'inia ukutani, vyenye namba na tarehe, na mama mkwe analalia godoro lisilo na mchoro chini yake.

Mwezi uliopita Rula alileta nyumbani mchoro wa kwanza wa shule inayojengwa mtaa wa pili. Mama mkwe aliutandaza mezani na kuvaa miwani. Safari hii hakuanzia juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chini, upande wa kulia, akasoma jina lililokuwa katika kile kisanduku. Akalisoma tena kwa sauti kubwa, ili mwanawe alisikie kupita kelele za cherehani.

"Sasa," alisema, "namsoma mtu ninayemjua."